Siku kumi kwa gari lako: Mkomazi, Lushoto, Pangani na Saadani

SWALI: Habari za kazi, kaka. Naishi Kimara, Dar es Salaam. Likizo ya shule ya Juni mwaka huu nataka tuzunguke, tusiende kijijini kukaa tu. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 12 na 6) na mama yangu mwenye miaka 68, ambaye goti linamsumbua. Gari ni RAV4 ya zamani, lakini nzima. Nina siku kumi. Nimepanga Mikumi, Ngorongoro, Serengeti, tuuone Mlima Kilimanjaro, tuteremke Tanga na tumalizie Zanzibar. Watoto wanataka wanyama, mke wangu anataka bahari, mama anataka baridi ya milimani na kumwona dada yake Korogwe. Ratiba hii inawezekana? Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu, maana safari hii nimeipanga nikimfikiria yeye kuliko wewe.

Ratiba yako inawezekana kwa dereva wa semi asiye na abiria. Kutoka Dar hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 900 kwa upande mmoja, na kipande cha mwisho ni vumbi na mawe yanayotikisa gari mpaka vioo. Kushuka kreta ya Ngorongoro kunataka gari lenye fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne. Ukiongeza Mikumi na Zanzibar, watoto wataona wanyama kwa kupita na lami kwa kutwa nzima, na mama atarudi nyumbani na goti mara mbili ya alilokwenda nalo. Serengeti iwekee safari yake yenyewe, siku saba, njia moja kwenda na kurudi. Zanzibar panda boti wikiendi yoyote.

Mimi nikipanga safari ya mtu anayejiendesha sianzi na mbuga anazozitaka. Nahesabu siku ambazo ufunguo wa gari utabaki mezani. Katika siku kumi nataka zisipungue tatu, na sitaki siku mbili ndefu zifuatane. Wewe ndiye dereva pekee (hukusema kama shemeji anaendesha, kama anaendesha, mshukuru Mungu), na dereva aliyechoka ndiye hatari kubwa kuliko simba wote wa nchi hii.

Kwa masharti hayo, wanyama, milima na bahari vyote viko upande wa Tanga na Kilimanjaro. Duara lenyewe ni hili: Dar hadi Same kwa ajili ya Hifadhi ya Mkomazi, urudi kusini kidogo na kupanda milimani Lushoto, ushuke Tanga, uingie Pangani, uambae na pwani hadi Hifadhi ya Saadani, kisha nyumbani. Kilomita kama 1,350 hadi 1,400 pamoja na kuzunguka ndani ya hifadhi.

Nimeanza na mbali makusudi. Siku ya kwanza mna nguvu na gari limeshakaguliwa na fundi, basi mle kilomita 440 mara moja. Baada ya hapo mnarudi nyumbani kidogo kidogo na hakuna siku nyingine itakayokuwa ndefu hivyo. Wengi hufanya kinyume. Wanaanzia Bagamoyo kwa kujivinjari, kisha siku ya kumi wanajikuta Same wakikimbilia Dar usiku. Ajali nyingi za likizo nilizozikuta barabarani zilikuwa za watu wanaorudi.

Saadani nayo nimeiweka mwisho kwa sababu ya udongo wake, nitaieleza tukifika huko.

Ondokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, na msipite Kibaha na Chalinze. Pitieni Bagamoyo, mkate kushoto kwenda Msata. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni lami ya kilomita 64 isiyo na msongamano wa malori, na kinawatokeza kwenye barabara kuu ya Segera mkiwa mmeshaikwepa foleni yote ya Morogoro Road. Baada ya Msata mtavuka mto Wami kwa daraja jipya. Waliosafiri zamani wanalikumbuka lile la awali, jembamba, gari moja moja, na mteremko wa kutisha pande zote mbili.

Kutoka hapo barabara ni nzuri, na uzuri wake ndio mtego. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo chini ya mwembe. Usiendeshe kwa kufuata mabasi, wao wanaambizana. Ukikiona kibao cha 50, shuka hadi 50 na ubaki hapo mpaka uone kibao cha kukufungulia. Matuta na rasta ni mengi, na mengine rangi imefutika. Ukifanya hivyo Same mtafika mnamo saa tisa au kumi alasiri, mmekula njiani na kunyoosha miguu mara tatu. Kwa goti la mama, simama kila baada ya saa mbili hata kama hakuna anayeomba, atembee kama dakika kumi. Mpe kiti cha mbele, kirudishwe nyuma kabisa, na wewe utapata mtu wa kukuzungumzisha usisinzie.

Kuhusu shangazi, mama mdogo, au sijui mama mkubwa wa Korogwe: siku ya kwanza mpite Korogwe bila kusimama. Najua maneno haya ni mazito. Lakini ukisimama kumsalimia dada ya mama yako kwa "dakika tano tu", jogoo atachinjwa, na mtafika Same saa nne usiku. Mpigie simu wiki moja kabla, mwambie mtakuja siku ya sita mchana, mle kwake. Hiyo siku nimeiachia nafasi.

Mlale Same. Jumapili asubuhi geti la Zange la Mkomazi ni kilomita kama sita tu kutoka mjini. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951 na ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2008. Ina kilomita za mraba 3,245, na kaskazini yake inapakana na Tsavo ya upande wa Kenya, kwa hiyo tembo huenda na kurudi wanavyofuata maji, wao hawana habari na mpaka. Nikuambie ukweli ili watoto wasinung'unike: Mkomazi si Serengeti. Hutaona nyumbu elfu mahali pamoja. Utaona twiga, pundamilia, kongoni, pofu na swala pala, na ukibahatika choroa, na swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu. Faru weusi na mbwa mwitu wamekuwa wakihifadhiwa na kuzalishwa humo. Faru wako ndani ya eneo lenye uzio, na kuwaona kuna utaratibu na malipo yake ya pembeni, kwa hiyo liulizeni getini mkifika, kabla hamjaingia ndani. Faida ya Mkomazi ni upweke wake. Mnaweza kukaa na twiga nusu saa bila gari lingine kuja kuwazibia. Asubuhi ya anga safi huenda mkauona na Mlima Kilimanjaro kwa mbali, na hapo hesabu ya Kilimanjaro itakuwa imelipwa.

Ingieni mapema, saa kumi na mbili na nusu, mtoke saa tano kabla ya jua kali, au mkae hadi alasiri mkiwa na chakula chenu na mle mahali palipotengwa. Kushuka kwenye gari popote pengine ni marufuku, na mtoto wa miaka sita ataomba kujisaidia dakika kumi baada ya geti. Bebeni kopo lenye mfuniko. Nacheka, lakini nimeona baba mzima akibishana na askari wa hifadhi kwa jambo hili.

Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi 50, na mimi sizidi 25, kwa sababu kwa 40 huoni kitu. Usitoke nje ya barabara. Mkikutana na tembo simama mbali, injini iendelee kuunguruma, usipige honi. Akitanua masikio na kukukazia macho, rudi nyuma taratibu. Usimzunguke, na usipite katikati ya mama na mtoto hata kama nafasi ipo.

Malipo. Getini hakuna kulipa fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au kadi. Simu iwe na salio la kutosha tangu mjini, maana mtandao wa porini una tabia zake. Ada ya raia ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, lakini lazima uuthibitishe uraia: vitambulisho vya NIDA vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, wa 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto, kwa hiyo wako wote wawili ni watoto. Gari nalo hulipiwa kwa uzito wake, basi beba kadi ya gari. Viwango vipya kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapogeuka. Likizo yako ikivuka tarehe hiyo, bajeti ya Mkomazi na ya Saadani huenda zisifanane. Ulizeni pia kibali chenu kinahesabiwa saa ngapi tangu kugongewa mhuri, maana kuchelewa kutoka ni kulipa tena.

Siku ya tatu mnarudi njia mliyojia hadi Mombo, kilomita 110 hivi, kisha mnapanda Lushoto, kilomita 33 za lami yenye kona. Ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili, na mabasi yanayoijua kila kona kwa jina. Kupanda hakuna shida, ila piga honi kwenye kona kipofu na ubaki upande wako hata kama njia inaonekana tupu. Watoto wasipande na matumbo matupu wala yaliyojaa chipsi za Mombo. Kipande cha tangawizi au ndimu ya kunusa kitasaidia. Simameni Soni, muone maporomoko na mnunue matunda.

Kushuka ndiko watu wanakokosea, na nakueleza sasa ili siku ya sita uwe unajua. Gari lako ni otomatiki, bila shaka. Wengi huliacha kwenye D na kukanyaga breki kilomita zote 33. Wakifika Mombo magurudumu yananuka kama mpira uliochomwa, na wengine breki zimelegea kabla hawajafika. Breki ikishapata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na ukikanyaga mguu unazama tu. Toa kwenye D, weka 2 au L, injini ikushikilie. Utaisikia inalia, iache ilie, haiumii. Breki unagusa kidogo kabla ya kona, unaachia. Ukihisi harufu, simama Soni dakika ishirini. Usimwagie maji magurudumu.

Lushoto nimewapa siku tatu za kulala, na siku mbili kati ya hizo gari halina kazi kubwa. Huo ndio moyo wa safari yenu. Wajerumani waliupa mji huu jina la Wilhelmstal na kupanda huku wakilikimbia joto la pwani. Juni na Julai ni baridi kweli, usiku mnaweza kulala na blanketi mbili, na mtu wa Kimara aliyekuja na fulana atanunua sweta la mtumba sokoni asubuhi ya kwanza. Mama atafurahi. Mpelekeni Irente, kilomita chache kutoka mjini. Gari linafika karibu kabisa na ukingo, hahitaji kupanda popote, akae kwenye jiwe aone nyika yote karibu mita 1,000 chini yake, malori ya barabara kuu yakiwa kama siafu. Shambani Irente kuna jibini, mkate na jemu vinavyotengenezwa hapohapo, na chakula cha mchana pale ni cha kukumbukwa. Wewe na mtoto wa miaka 12 chukueni kiongozi mwenyeji siku ya pili mkatembee msitu wa Magamba, kuna mbega na miti ambayo mikono ya watu wanne haiizungushi. Mdogo abaki na bibi.

Kuna watakaokuambia nenda Mtae, kwenye ncha ya milima. Pazuri mno, lakini barabara ni ndefu na ya kuchosha, na wewe una siku kumi. Amani nayo, ule msitu wa Usambara Mashariki ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, nimeiacha kwa uchungu. Ukitaka kuiingiza, punguza siku Lushoto. Nakushauri usipunguze.

Siku ya sita ni Korogwe kwa mama mdogo, kisha Tanga. Kutoka Lushoto hadi Tanga ni kilomita kama 170, kwa hiyo mkiondoka saa mbili asubuhi mna kama saa tano za kuketi, kula na kupigwa picha. Mmoja wenu ashike zamu ya kuangalia saa. Saa tisa muwe barabarani, na msibebe mikungu yote ya ndizi mtakayopewa. Baada ya Segera mtaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama nyuzi za kitenge. Waambie watoto mmea huo ulikuja Tanga mwaka 1893, miche michache iliyosalimika safari ndefu ya meli, na mkoa mzima ukajengwa juu yake. Muheza kama ni msimu nunueni machungwa, na mjaze mafuta Tanga.

Asubuhi ya saba, mapango ya Amboni, kilomita nane hivi nje ya mji. Ni mapango ya chokaa, giza na popo. Watoto watayazungumzia kuliko tembo. Mama asiingie, kuna mahali pa kuinama na kupenya, atawasubiri nje kwenye kivuli. Mchana shukeni Pangani, kilomita 50 kusini, na njiani mpinde Tongoni: magofu ya msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40, baadhi na nguzo zake, mibuyu na bahari vikiangalia. Haichukui saa moja, na ni sehemu ya kutembea na adabu, si ya kupanda juu ya kaburi kwa ajili ya picha.

Pangani yenyewe mlale usiku mbili. Ni mji wa milango ya kuchonga na nyumba zinazobomoka kwa heshima. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoanzisha vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo alipotiwa kitanzi Desemba 1889. Shemeji anataka bahari, na bahari ya huku ina masharti yake. Msiogelee kwenye mdomo wa mto, mkondo una nguvu na maji ni ya matope. Ogeleeni fukwe za mbali na mto, kaskazini ya mji au upande wa Ushongo.

Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari. Maji yakijaa, kisiwa hakipo. Yakipwa, kipo. Kwa hiyo tarehe ya Pangani usiichague kwa kalenda ya ofisini, ichague kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Hiyo ndiyo siku ya Maziwe: mnatoka saa mbili na nusu, mnakuta mchanga, mnaona samaki na matumbawe, mnarudi kabla upepo haujachafuka. Wakati wa maji mafu saa hugeuka na mchanga unaoachwa wazi ni mdogo. Njia rahisi ni kutazama tarehe za mwezi wa Kiislamu: kati ya 14 na 17, au 29 hadi 2, hukosi. Na Juni kuendelea ni kusi, upepo unapanda mchana, kwa hiyo nahodha akikwambia "tuondoke saa sita" mtafute mwingine. Jaketi za kuokolea maisha ziwe tano, na ile ya mtoto iwe saizi ya mtoto, umvalishe kabla ya kupanda.

Sasa Saadani. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini yenye ufukwe wa Bahari ya Hindi bara, ilitangazwa rasmi 2005. Kuna mto Wami wenye viboko na mamba, ambao mnaweza kuutembelea kwa boti. Kuna kasa wa kijani wanaotaga ufukwe wa Madete. Kuna mashamba ya chumvi ambako heroe hutua. Simba na tembo wapo, ila nyasi ni ndefu mwezi Juni, msitegemee. Kuna na mbung'o, kwa hiyo acheni nguo za buluu na nyeusi.

Kutoka Pangani mnavuka mto kwenda Bweni. Miaka yote nimevuka kwa pantoni, na daraja kubwa limekuwa likijengwa pamoja na barabara mpya ya pwani inayotoka Tanga hadi Bagamoyo. Waulizeni wenye nyumba mliyolala mnavuka wapi na kipande kipi kina kifusi. Hadi kijiji cha Saadani ni kama kilomita 75, kupitia Mkwaja.

Tatizo ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukilowa, ni sabuni juu na gundi chini. Mwaka mmoja, mwezi Mei, nilikuwa na wageni wawili, na usiku mvua ikanyesha kidogo. Asubuhi nikaona barabara imekauka juu, imeshapata ganda. Mlinzi wa kambi aliniambia nisubiri hadi saa nane. Mimi nikajiona najua zaidi. Kilomita nne mbele gari la fowili, matairi mapya, likazama hadi kwenye ekseli, na kila nilivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyojichimbia kaburi. Tulikaa saa saba mpaka trekta ilipopatikana, na wageni wakakosa ndege. Ganda la juu halisemi kitu kuhusu kilichoko chini. Chukua kijiti, choma.

Ndiyo maana Saadani iko siku ya tisa. Masika huisha mwezi Mei, kila siku mnayokaa milimani udongo wa pwani unakauka, na kama mvua imerudi, mnaikata Saadani bila kuharibu chochote: mnabaki Pangani siku moja zaidi, kisha mnarudi Muheza, Segera, Msata, nyumbani kwa lami. Chumba cha Saadani kiwekee nafasi, lakini usilipe chote kabla hujajua hali ya njia. Piga simu siku mbili kabla, uliza swali moja: "Jana gari dogo limepita?" Ukiuliza kama barabara ni nzuri utajibiwa ni nzuri.

Siku ya kumi zungukeni alfajiri, mtoke geti la Mvave saa nne, mfike Mandera kwenye barabara kuu baada ya kilomita kama 60 za vumbi, kisha Msata, Bagamoyo, Kimara kabla ya giza.

Nimebakiza gari. RAV4 inatosha kwa njia hii yote, kukiwa kukavu. Angalia kama yako ina fowili kweli, nyingi za zamani zilizoletwa huku hazina, na beji ya nyuma si ushahidi. Mwambie fundi aingie chini ya gari aone shafti na difu la nyuma. Kama haina, Mkomazi mtabaki kwenye barabara kuu za ndani, na Saadani mtaingia tu kama hakujanyesha wiki nzima. Wiki mbili kabla (si juzi yake, ili kasoro za fundi mwenyewe zijitokeze ukiwa bado mjini) badilisha oili, brekipedi zikaguliwe, rejeta na mipira yake, fenibelti, shokapu na bushi. Matairi yasiwe ya miaka mingi. Spea iwe na upepo, nimekuta spea nyingi zikiwa pambo. Jeki, spana ya gurudumu, kibao cha kuweka chini ya jeki kwenye mchanga, pampu ya umeme wa gari, kamba ya kuvutia, waya za betri, lita ishirini za maji. Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa matairi hadi psi 20, ukitoka ujaze tena. Trafiki atakuuliza kizimamoto na pembetatu mbili. Mifuko ya plastiki ibaki Kimara, ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Mafuta: gari la namna hiyo likibeba watu watano na mizigo nalihesabia kilomita 9 kwa lita, kwa hiyo lita 150, niongeze moja ya tano kwa milima na gia nzito, lita 180. Jaza Same kabla ya hifadhi, kisha Tanga, na uongeze tena Pangani, hata kama tanki liko nusu. Ndani ya Saadani hakuna sheli ya kutegemea.

Usiku msiendeshe, isipokuwa ile saa ya alfajiri ya kutoka Dar. Ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, lori lililoharibika likiwekewa majani badala ya pembetatu, vyote viko pale. Ikifika saa kumi na moja na nusu jioni na bado mna kilomita 80, laleni mlipo. Guest ya Korogwe ina shuka safi kama ya mahali pengine, na mama mdogo atafurahi.